Mipira ya Injini na Kikombe cha Sekela

Mbalizi nzima ilijua Saulo Mwasomola anapowasha gari lake. Msidhani ni kwa sababu lilikuwa na mngurumo wa kupendeza, thubutu. Kuku walitawanyika, mbwa wa jirani alianza kulia, na sufuria za mkewe zilizoanikwa kichanjani ziligongana zenyewe kama zimepandwa na shetani. Gari likisimama huku injini inawaka, kioo chake cha pembeni kilicheza hata ukijitazama hujui kama unayemwona ni wewe au ni ndugu yako.

Lilikuwa Shevroleti jeusi la kabla ya vita. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mgiriki mchimba dhahabu wa Chunya. Dhahabu ilipomkimbia, naye akalikimbia gari, akamwachia Saulo aliyekuwa akimtengenezea. Tangu siku hiyo Saulo aliliita Bibi. Alizungumza nalo njiani, akaligombeza likigoma mlimani, akalipa pole likipiga shimo. Rafiki yake Halfani, mshona makatambuga wa Mbeya mjini, hakuchoka kumtania kwamba mzee wa kanisa haruhusiwi wake wawili, na siku mchungaji akilisikia hilo jina atamtenga na meza ya Bwana.

Ufundi Saulo aliupata vitani, kwenye malori ya jeshi, na vita vilimwachia kanuni moja tu: kilicholegea kaza, kikilegea tena kaza tena. Kanuni hiyo ilimfikisha mbali, sikatai. Alibeba maharusi, alibeba wagonjwa, aliwahi kubeba hata kengele ya kanisa. Lakini kanuni moja haitoshi maisha yote, na siku ya kanuni yake kumwangusha ilikuwa njiani inakuja.

Ilikuja mwaka wa hamsini na sita, mwisho wa kiangazi, kwa mlango wa mkwewe.

Mwanawe wa kwanza, Anyitike, alikuwa seremala wa madaraja huko Iringa. Mkewe Anyitike, Sekela, alikaa Mbalizi kwa wakwe, katika nyumba ndogo nyuma ya migomba. Sasa, kwa asiyezijua mila za Wanyakyusa, nieleze mara moja na yaishe: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemezani. Mkwe akisikia baba mkwe anakohoa njiani, anajitanda nguo hadi usoni na kupinda kwenye majani hadi mzee apite, na mzee naye anageuza shingo. Jina la baba mkwe mwanamke halitamki kamwe. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, tena heshima ya juu. Wachungaji walisema Mkristo anaweza kuiacha, na Saulo akaitikia amina, kisha akarudi nyumbani akaendelea kukohoa kila alipokaribia migomba.

Kwa hiyo Saulo alikuwa hajapata kuiona sura ya Sekela tangu aolewe. Alimjua kwa sauti ya nyimbo akitwanga, kwa kikohozi chake, na kwa maharage yake, ambayo Saulo aliapa hayana mpinzani toka Tukuyu mpaka Chunya. Alimpenda kama binti yake wa kumzaa. Na mwaka uliotangulia, Sekela alipokwenda msibani juu ya lori la mizigo na kurudi akapoteza mimba yake ya kwanza, Saulo alikaa nyuma ya nyumba siku nzima akisugua spana zisizo na kutu. Hakuwa na njia ya kumpa pole. Ingepita kwa nani, na kwa maneno gani?

Mwaka huu Sekela alikuwa mjamzito tena. Mama yake mzazi, Juliana, alikaa Iringa, na mumewe yuko hukohuko, na mwanamke anayengoja uzazi wa kwanza hutaka kuwa karibu na mama yake. Ilibidi aende kabla ya mvua kuiharibu barabara. Yudith, mkewe Saulo, akamchukua kwenda kwa mkunga wa misheni, Damari, mwanamke asiyecheka ovyo. Damari alimpima, akawaza, akatoa hukumu. Alisema mimba iko vizuri na safari inawezekana, ila lori asiliguse tena maishani. Kisha akamkabidhi kikombe cha bati kilichokuwa mezani, chenye mstari wa buluu kwa ndani chini kidogo ya ukingo.

"Jaza maji mpaka hapa kwenye mstari," alimwambia Sekela. "Kishike mapajani. Gari likiwaka na kutembea bila kukumwagia, panda. Likikumwagia, shuka, hata kama ni la Gavana."

Yudith alipomletea mumewe habari hiyo, Saulo alitazama nje, akalitazama Bibi. Shida yenyewe aliijua siku nyingi, ila hakupenda kuitaja. Injini ya gari haikalii chuma kitupu. Inakalia mipira, minene kama sabuni ya mche iliyokatwa, mmoja mbele na miwili nyuma, ili ikitetemeka mtetemo uishie mpirani usiwafikie watu. Mipira ya Bibi ilikuwa imeliwa na mafuta na uzee mpaka ikawa kama makoko ya ugali. Chuma kilikalia chuma. Injini ilikuwa inatwanga gari zima, na aliyekaa ndani alitwangwa nalo.

Saulo alikwenda kwanza kwenye duka la spea mjini. Wakamwambia gari la umri ule mipira yake huagizwa ng'ambo, na meli ina njia zake. Mtoto hangoji meli. Akaenda kwa Halfani.

Halfani alikuwa mtu wa asili ya pwani. Babu yake alifika bara na msafara, akaoa, akasahau kurudi. Kibanda chake Majengo kilizungukwa na matairi ya kila namna, na yeye katikati yake na kisu, akikata makatambuga ambayo wakulima wa milima yote ile walivaa. Mpira aliujua kwa meno. Aliuma pembeni, akatafuna kidogo, akatema, akakwambia umetoka gari gani na utakaa misimu mingapi. Aliposikia shida ya Saulo aliuma vipande kadhaa, akamshauri achukue mpira wa wastani, usio mgumu sana, kwa sababu mguu na injini ni mamoja: ukivipa ngozi ngumu vitakuchubua.

Saulo hakutaka kusikia habari za miguu. Yeye ndiye aliyekuwa vitani, Halfani alikuwa akishona viatu. Akachagua tairi la lori, gumu, lenye nyuzi ndani, lile ambalo kisu cha Halfani kililikata kwa jasho. Halfani akamwambia sawa, ng'ombe ni wako na kamba ni yako.

Na kweli Saulo alilifunga kama fahali. Aliinua injini kwa jeki, juu ya ubao ili jeki isitoboe sehemu ya chini, akachomoa makoko ya zamani, akaingiza vipande vipya, akapitisha bolti, na akakaza. Akakaza tena. Akaweka bomba kwenye mkono wa spana ili aongeze nguvu, akakaza mpaka mpira ukatokeza pembeni kama unga uliozidi kwenye kinu. Akawasha. Injini haikuyumba hata kidogo, ilitulia mahali pake kama imeota mizizi. Saulo akakenua meno yote.

Yudith akakalishwa kiti cha nyuma kwa majaribio. Lakini Yudith ni mwanamke mnene, tena mwenye usingizi mwepesi wa kuja, na juu ya hayo alikuwa amezoea mume wake na gari lake kwa miaka mingi. Walizunguka mpaka mtoni na kurudi. Alisema amelala kama yuko kitandani. Saulo akaona kazi imekwisha.

Ikaja zamu ya Sekela. Saulo alitundika kitenge cha Yudith nyuma ya kiti cha mbele, kutoka mlango hadi mlango, akageuzia shingo migomba mpaka alipoambiwa mkwe amekwisha kupanda. Akaendesha polepole kama anabeba mayai. Mashimo aliyakwepa yote, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, mashimo ni ya Serikali lakini mtetemeko ni wa mwenye gari. Aliporudi, aligeuza shingo tena, na Yudith akamletea kikombe.

Maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha kidole. Yudith akasema kitenge alichovaa Sekela kimelowa chote, na kwamba mtoto wa watu alishuka ameshika kiuno.

Saulo aliona aibu. Niseme wazi, aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chenye springi nene, anajisifu, na nyuma ya kitenge binti yake anatikiswa na mtetemo wote ambao mpira mgumu ulikataa kuumeza. Injini haikuyumba, ndiyo. Gari ndilo lililoyumba kwa niaba yake. Na kwa nini hakujua? Kwa sababu mtu pekee ambaye angemwambia ukweli alikuwa ni yule asiyeruhusiwa kusema naye. Jioni ile alikula maharage bila kuyasifu.

Kesho yake alirudi kwa Halfani, na Halfani, kwa kuwa ni rafiki, alimcheka kwanza ndipo akamkaribisha chai. Sasa Saulo, kama watu wote waliotoka kwenye kosa mbio, alikimbilia kosa la upande wa pili. Alitaka laini, laini kabisa. Wakakata tyubu za ndani za matairi, wakazipanga tabaka juu ya tabaka, Halfani akazishona kwa uzi wa makatambuga. Halfani alisema hiyo ni godoro, si mpira wa injini. Saulo akamjibu kwamba mjamzito anahitaji godoro.

Na kwa muda ilikuwa raha. Bibi alikaa kimya pale Majengo, injini inaelea, sauti imezama, Halfani mwenyewe akakubali kukaa kiti cha nyuma na kikombe mkononi na asimwage hata tone. Saulo akasema waende kulijaribu kwenye mlima, maana barabara ya Iringa si kibaraza. Wakakamata njia ya Chunya, inayopanda mpaka kwenye mawingu na kushuka upande wa pili kwenye vumbi.

Katikati ya mlima Saulo akabadili gia na kukanyaga mafuta. Injini ikajiinua kwenye godoro lake kama mtu aliyeitwa ghafla, ikasogea mbele, na feni ikaingia kwenye rejeta. Mlio wake sitauelezea. Maji ya moto yakaruka, mvuke ukawafunika, na Halfani akatoka mlangoni akisoma dua zote alizofundishwa chuoni na nyingine alizotunga papo hapo. Ulipotulia mvuke, Saulo alikuwa amesimama mbele ya gari, kofia mkononi, anamwambia Bibi pole. Bibi alikuwa akilia matone ya mwisho ya rejeta.

Lori la tumbaku likawavuta mpaka Chunya, ambako Saulo alimjua fundi wa kuchomea rejeta. Kazi ilitaka muda. Basi wakakaa kungoja kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu ambacho wenyewe walikwisha ondoka. Mlinzi wake, Mzee Liberatus, alifurahi kupata watu wa kuzungumza nao, kwa sababu kinu kilichokufa hakina gumzo. Halfani akatafuta pa kukaa, akakuta kipande kinene cha mpira mweusi chini ya mguu wa mashine, akakikalia, akatulia. Kisha akanyanyuka. Akakikalia tena. Akainama, na mbele ya macho ya mlinzi akauma pembeni yake.

Saulo alimwona rafiki yake akitafuna taratibu, macho yamefumba, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kwa miaka yote mashine ile ilikuwa ikipasua mawe juu ya mpira ule, na mpira haukuwa umepasuka wala kuwa mgumu. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, uliingia kidogo, kisha ukakusukuma kwa adabu. Halfani akasema huu haujalegea wala haujakauka, umezoea kazi. Mzee Liberatus aliwaruhusu wachukue wa mguu mmoja, maana mashine haiendi popote, na Halfani akamwachia makatambuga yake mwenyewe yaliyokuwa miguuni. Alirudi Mbeya pekupeku, akinung'unika kila kokoto, akisema atamdai mtoto atakayezaliwa.

Safari hii, wakiwa uani Mbalizi, Saulo alisikiliza. Chini kabisa walilaza kipande chembamba cha tairi gumu ili kishike, juu yake mpira wa kinu ndio umeze mtetemo, na katikati ya tundu wakaweka kipande kifupi cha bomba la chuma, ili bolti ikikazwa ikabane bomba na isiusonge mpira. Hilo la bomba lilikuwa wazo la Saulo, na Halfani alilisifu, akaharibu sifa hiyo hapohapo kwa kuuliza lilikuwa wapi siku zote.

Jeki ikateremshwa, injini ikakaa. Saulo akachukua spana, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kukaza. Yudith alikuwa akipita na kuni. Akasimama. Yeye ndiye aliyesema neno lililomaliza kazi ile, na alilisema bila kutua mzigo.

"Baba Anyitike, mgeni akiingia ndani unamfunga kwenye kiti kabla hajakaa?"

Saulo akabaki na spana hewani. Akafikiri. Akaziacha nati zote zimelegea kidogo, akawasha injini, akaiacha inguruke yenyewe. Wote wakaiona: ilijinyonganyonga, ikajisogeza upande, ikajilaza, mpaka ikapata mahali inapopapenda, kama ajuza anayetafuta upande usiouma. Hapo ndipo alipoizima na kukaza, nati hii kidogo, na ile kidogo, bila bomba kwenye spana. Alipoiwasha tena, sufuria za kichanjani hazikugongana. Yudith alitua kuni akaziangalia sufuria zake kwa mashaka, kana kwamba zimekufa.

Sekela akapanda na kikombe chake, wakazunguka mpaka mtoni. Kikombe kiliporudi maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari wa buluu kwa upana wa ukucha. Damari aliletewa habari, akasema ukucha anauruhusu.

Wakaondoka Mbalizi alfajiri, Saulo na Halfani mbele, Yudith na Sekela nyuma ya kitenge, na kikombe kimejazwa mpaka mstarini. Kikombe hicho hakuna aliyemwagiza Sekela akibebe tena. Ni yeye mwenyewe aliyekitaka. Saulo alielewa. Mtihani wa mtoni ulikuwa wa mtoni, na Iringa ni siku nzima. Binti aliyewahi kupoteza mimba haridhiki kwa kuzunguka mpaka mtoni na kurudi.

Basi njia yote Saulo aliendesha akiwaza kikombe. Halfani alisimulia visa vya babu yake na msafara, Yudith akakoroma toka Chimala mpaka Igawa, tambarare ya Usangu ikapita na joto lake na ng'ombe wake, lakini Saulo alisikia mipira mitatu tu chini ya injini. Kila daraja alinong'ona, polepole, Bibi, polepole, mama, una mtu nyuma. Makambako walisimama kunywa uji, naye akaenda mbali na gari ili mkwe ashuke kwa nafasi, asithubutu hata kumwuliza Yudith hali ya maji. Aliogopa jibu. Penye misonobari ya Sao Hill baridi ikaingia, na Halfani, ambaye hakuwa na soksi, akailaumu Serikali.

Mlima wa mwisho, ule wa kupandia Iringa mjini toka mtoni, aliupanda kwa gia ndogo, meno yameumana. Hapo ndipo feni ingekula rejeta kama ingetaka. Haikutaka. Jua likiwa bado juu ya mawe ya Iringa, Bibi akaingia uani kwa Juliana na kuzimwa, na wanawake wakatoka na vigelegele.

Yudith akashuka wa kwanza. Mkononi alikuwa na kikombe, na kabla hajamfikia mumewe akadakwa na Juliana, wakakumbatiana, wakaulizana habari za watu wote wa Mbeya na mifugo yao. Kikombe kikabaki juu ya boneti. Saulo akakisogelea, akakichungulia.

Kilikuwa kitupu. Hakikuwa na ukucha, hakikuwa na tone. Kimekauka kabisa.

Halfani alikiona pia, akageukia pembeni. Saulo akafikiria kiuno cha binti yule, akafikiria lori la mwaka uliopita, akajiona yeye mwenyewe na ubishi wake na spana zake. Hakuwa na mahali pa kuuweka uso, basi akakiweka kikombe chini, akafungua boneti akauingiza humo, akajifanya anakagua mipira. Mipira ilikuwa mizima. Alitamani angalau ingekuwa imepasuka, apate cha kulaumu.

Ndani ya gari, nyuma ya kitenge, Sekela alikuwa bado amekaa, akingoja baba mkwe aondoke ndipo ashuke. Lakini baba mkwe hakuondoka. Alikuwa ameinama, boneti limemfunika kama mlango, hamwoni wala haonwi. Kisha Sekela akakohoa, kile kikohozi alichokijua Saulo, na akasema kwa sauti ndogo, lakini ya wazi, kama mtu anayezungumza na mtu wa tatu aliyekaa kati yao.

"Bibi, ndaga fijo. Nilipofika Igawa niliyatazama maji, hayachezi. Nikajua hayatamwagika. Nikayanywa, nikalala."

Saulo hakusogea. Tangu binti yule aingie mji wake hakuwahi kumwelekezea neno, na hata sasa hakuwa amemwelekezea. Alikuwa amelishukuru gari. Mila haikuguswa popote. Saulo akaishika injini kwa kiganja, ingali ya moto, na alipojibu sauti yake ilikuwa na mikwaruzo.

"Bibi, umesikia? Anasema umempa usingizi. Basi na wewe mwambie mwaka jana tulikosa pa kupitisha pole. Mwambie mzee alilia."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa taratibu, nguo ikasugua kiti, na hatua nzito za mjamzito zikapita kuelekea kwa mama yake. Saulo aliendelea kuinama mpaka shingo ikamwuma. Halfani akamjia, akamwuliza kama kuna kilichoharibika. Saulo akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni moshi umemwingia. Injini ilikuwa imezimwa zamani, lakini Halfani, namsifu kwa hilo, alitikisa kichwa akakubali kwamba moshi wa Shevroleti ni mbaya.

Mtoto alizaliwa mvua za kwanza zilipoanguka, wa kiume, wakamwita Alinanuswe. Barabara ilipokauka Saulo alikwenda kuwarudisha Mbalizi, kitenge kimetundikwa palepale, na mwenye kumdai mtoto makatambuga amekaa mbele. Yudith alimpitisha mjukuu juu ya kitenge mpaka mikononi mwa babu yake. Njia nzima mtoto alilala usingizi wa pono. Shida ilikuwa kila waliposimama na injini kuzimwa: aliamka akalia mpaka watu wa madukani wakatoka kutazama, na Saulo akalazimika kuiwasha tena.